Saa Iliyoungua kwa Jua Letu

Marwa, mume wangu,

Una kiburi. Nianze na hilo, shikamoo yako nitaipokea baadaye kama bado unayo. Tangu tukulaze hapo nyuma ya zizi masika imekuja na kwenda, mahindi yamebeba na sasa yanakauka, na wewe hujakanyaga kwangu hata mara moja. Hata kwa ndoto. Babu yako, ambaye jina lake ndilo nilikupa mjukuu wangu, ndiyo maana nakuita mume, alikufa zamani, tena meno yalikuwa yameshamwisha kinywani, lakini anakuja. Anasimama mlangoni, ananiomba ugoro, anaondoka. Hana la maana analosema lakini anakuja. Wewe kijana mwenye miguu mizima unashindwa nini?

Halafu nasikia umemtokea yule mama wa kwenye mashine ya kusaga. Alikuja hapa asubuhi amejifunga kanga vizuri, eti, "Bibi, nimemwota Marwa, alikuwa anacheka." Unacheka naye kwa lipi? Amekufulia shati lini? Nilimpa uji akanywa, lakini ule uji niliuchota roho ikiwa mbaya. Nikasema moyoni, kumbe njia ya kuja anaijua. Ni mimi tu ananipita.

Haya. Anayeandika ni Gati, mkeo, mke mwenzangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee maneno kama ya redioni. Akitaka kulia ageuze uso upande wa mlango. Mimi unajua darasani sikuingia, siku ya kuandikisha watoto baba yangu alinipeleka kuchunga. Ningeweza kuja kusema na wewe hapo kaburini kwa mdomo wangu, lakini nyumba mpya ya mwanangu Mwita imepakana na wewe, na Mwita ana masikio. Kwa hiyo Gati atakuja peke yake kukusomea kwa sauti ndogo, halafu ataiweka chini ya lile jiwe la upande wa kichwa. Najua utaisoma tena mwenyewe. Hukuwahi kuona karatasi yenye maandishi ukaiacha. Hata gazeti la kufungia nyama ulikuwa unalikunjua, unalisoma na damu yake, nyama inakungoja.

Gati tumbo limekuwa kubwa. Anatembea kama bata wa mchungaji. Ukimwona utacheka, halafu hutacheka.

Nataka kukupa habari ya saa. Siyo zile nyingine. Zile nyingine zilikwenda siku ya kumaliza matanga na sina maneno nazo. Moja iko kwa binamu yako, ameifunga kwenye usukani wa pikipiki, inatikisika na barabara ya Turwa yote. Moja iko kwa mzee wa ukoo, anaivaa hata akioga. Nimesema kimoyomoyo, kama Marwa angeona hili angekufa mara ya pili. Lakini ziende. Mimi nasema ile moja. Ile ya jua.

Unakumbuka ilivyokuja? Gati hakuwepo siku zile, ulikuwa hujamwoa, kwa hiyo namweleza na yeye huku anaandika.

Ulikuwa unanunua dhahabu kwa wachimbaji, unapeleka Mwanza, na pesa ilikuwa inaingia. Wenzako wakipata pesa wananunua ng'ombe. Wewe ulikwenda kukaa kwenye benchi la Mzee Sefu, yule fundi saa wa pale mjini Tarime, Mwislamu mwenye kofia safi aliyekuja kutoka Tanga na asirudi. Ukaanza kununua saa za wazee waliokufa. Saa ya mwanajeshi mstaafu. Saa ya Mhindi wa duka la vitambaa. Watu wakasema mjukuu wa yule bibi amerogwa, ana saa nyingi kuliko ng'ombe. Mimi niliwajibu, mwenzenu anajua muda, nyinyi mnajua kwenda kunywa. Lakini usiku nilikuwa nalala na wasiwasi. Mura, kijana wangu, nilikuwa na wasiwasi. Mtu wetu asiye na zizi anasimamaje mbele za watu?

Halafu ukaanza minada ya Ulaya. Kwa simu. Na nyumba hii ya bati uliyonijengea mtandao unakatikia ndani, unakaa sawa pale tu nje, karibu na choo. Basi mnada wa matajiri wa Uswisi ukafanyikia kwenye choo changu. Ulisimama pale na simu umeinyanyua kama mtu anayeonyesha mwezi, mimi nimekaa kwenye kigoda na jogoo mkononi kwa sababu alikuwa anawika na wewe ulitaka kusikia. Nikakwambia, "Usimtazame unayemtaka. Tazama wa pembeni, lalamikia kwato zake. Mwenye mali akiona mate yako umekwisha." Hayo ndiyo nilijifunza mnadani tangu nikiwa msichana, nikipeleka ng'ombe na babu yako. Ukanicheka. "Mke wangu, hawanioni uso." Nikakwambia wasikuone, lakini wewe mwenyewe unajiona. Tulia.

Mara ya kwanza mtu alikupita bei. Hukula siku ile. Nilikuwekea ugali na dagaa, ukautazama tu kama umekutukana. Mara nyingine ukakosa tena. Mara ile uliyopata, niliisikia mimi kwa masikio yangu ile nyundo ya dalali, ko! Wewe ukachuchumaa pale pale chini, umejishika kichwa. Nikadhani umekosa. Nikamwachia jogoo nikuinue. Kumbe unacheka.

Ilipofika niliitazama, Marwa, sikuipenda. Nisikudanganye, sikuipenda. Uso wake ulikuwa mweusi zamani, sasa umekuwa rangi ya tumbaku, na pembeni umekuwa kama chai. Nikasema, "Yaani hawa watu wamekuuzia kitu kilichoungua." Ukakaa chini miguuni kwangu, ukaniwekea kwenye kiganja. Ukasema hiyo saa wa kwanza kuivaa alikuwa mtu aliyefanya kazi huku kwetu Afrika Mashariki miaka mingi, nje, juani. Jua ndilo lililoigeuza rangi. Na rangi hiyo ndiyo matajiri wanaigombania, hakuna fundi duniani anayeweza kuipaka. Ukasema, "Mke wangu, hawa watu wanagombania jua letu. Nami nimelirudisha nyumbani."

Hapo nikaipenda.

Kila asubuhi ulikuja kunywa uji jikoni kwangu, ukaivua, ukanipa mimi niijaze. Kile kitufe cha pembeni, kidogo kama punje ya mtama. "Zungusha polepole mpaka ikatae. Ikikataa, usiilazimishe." Vidole vyangu vimezoea jembe na mwiko, lakini nilijua mahali pale inapokatalia. Nilikuwa naisikia kwenye kucha. Halafu ulinionyesha boksi lake na cheti chake, ukasema hivi vitatu ni mama na ndama na maziwa, havitengwi. Nikakwambia, hebu ona, hata saa ina cheti cha kuzaliwa, mimi sina. Ulicheka mpaka uji ukakupalia.

Hayo nayakumbuka. Sasa sikiliza.

Kule Mwanza hospitali, macho yako yalikuwa yamekuwa ya njano kama samli. Ulikuwa huli. Ukamwambia Mwita, baba yako mkubwa, unataka uji wa ulezi, siyo ule wa hospitali, wa ulezi. Mwita akatoka kwenda kuutafuta mjini, mtu wa Tarime asiyejua hata njia. Alipotoka ndipo ukatushika sisi mikono. Ukasema, "Ile ya jua. Na boksi lake, na cheti chake, vyote pamoja. Ni ya huyu." Ukaweka mkono kwenye tumbo la Gati, lilikuwa halijaonekana bado. "Na isisuguliwe."

Tukakuitikia. Mwita aliporudi na chupa ya uji wewe ulikuwa huongei tena. Alisimama pale ameikumbatia ile chupa. Hakuiweka chini mpaka walipokufunika.

Marwa, nikuulize. Ulishindwa nini kumngoja? Nusu saa tu. Angefika na uji wake, ungesema mbele yake, leo nisingekuwa nakusumbua. Umezaliwa Tarime, umekulia kwangu, unajua watu wetu. Neno la mtu anayekufa linataka mwanamume wa kulibeba. Wewe ulilibebesha wanawake wawili. Mmoja mzee, mmoja ana kichefuchefu.

Gati anasema nisikugombeze hapo. Ameandika lakini anasema nisikugombeze. Basi.

Siku ya kumaliza matanga wazee walikaa uani, sisi tuko ndani na wanawake. Wakalifungua lile sanduku lako la bati. Unajua desturi. Vitu vya marehemu vinatoka, kila upande upate, asiwepo wa kusema kwao wamesahauliwa. Mwita ndiye aligawa, na aligawa vizuri, sina la kumsema. Aligawa kwa haki mpaka haki ikaua. Saa ya jua akaichukua yeye kama mkubwa, wazee wakampa mbele ya watu wote. Akaona mjomba wako wa Robanda hajapata kitu cha maana, na mama yako ni wa kwao, akampa cheti kwa sababu kilikuwa na muhuri mzuri. Akaona dada yake Robi amekuja kutoka Ringwani na hajapata kitu, akampa boksi. Watu wakapiga vigelegele. Wakasema haujapata kuonekana mgawo usio na manung'uniko kama huu.

Mimi nilikuwa nawaona kwa mlangoni. Niliinuka. Wanawake wakanishika, wakadhani ni uchungu wa kufiwa, wakaniketisha, wakanimwagia maji kichwani. Nasema, "Vile vitatu, vile vitatu." Wakasema, pole mama, pole mama. Vile vitatu vikatoka nje kwa geti kila kimoja na njia yake.

Nilingoja watu watawanyike. Nikamwita Mwita. Nikamweleza yote ya Mwanza, Gati amekaa pembeni yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Siyo mtu mbaya, wewe unamjua, ndiye aliyekubeba mgongoni kwenda zahanati ulipong'atwa na nyoka. Akasema, "Mama, nimesikia. Nani mwingine alisikia?" Nikasema hakuna. Akasema, "Kitu nilichopewa na wazee, nikirudishe kwa neno la wajane wawili, wazee watanionaje?" Halafu akasema la pili. Mtoto ambaye hajazaliwa hapewi kitu. Ukimpa mtoto wa tumboni kitu cha maiti unamwita huyo mwenye kitu aje amchukue.

Hapo nikainuka nikamwacha amekaa. Maana na mimi ndivyo nilivyofundishwa. Ndivyo nilivyowafundisha wao.

Basi nikasema nianze na vile viwili. Saa tutaona.

Nilipanda gari kwenda Ringwani kwa Robi. Kiuno kile unakijua. Robi hakuwa na shida, boksi nilikuta ametia sindano na vifungo, akavimwaga mezani akanipa. Alilia kidogo, akasema lilikuwa linanukia wewe. Nililinusa. Linanukia nyuzi. Lakini sikumwambia. Liko hapa chini ya kitanda changu, nimelifunga kwa kitenge chako kile cha bluu.

Nikaenda Robanda kwa mjomba wako. Yule alinipokea vizuri, alinichinjia kuku. Cheti alikuwa amekibandika ukutani sebuleni kwa ugali, ili wageni wakiingia wauone muhuri. Nikamwomba. Akatazama chini. Akanichukua kwa mkono akanipeleka upande ule mwingine wa nyumba. Ukuta ule wa cheti haupo. Tembo wametoka hifadhini wakafuata mahindi aliyokuwa amehifadhi ndani, wakausukuma. Waliusukuma kama mtu anavyosukuma mlango wa jirani. Mvua ikanyesha juu yake. Tulifukua mimi na yeye na mkewe, tukapata udongo, tukapata ganda la hindi, tukapata kipande cha karatasi kidogo kama ukucha, hakina muhuri. Nimekileta hicho. Nimekiweka ndani ya boksi. Sijui kama kinasaidia. Mzee Sefu nilimwonyesha, akakitazama na kile kioo chake cha jicho kwa muda mrefu. Anajua kunionea huruma, yule mzee. Akasema, "Kiweke, bibi. Kiweke tu."

Na Mzee Sefu anakusalimia sana. Amefanya jambo. Mwita alimpelekea saa akitaka uso wake usuguliwe na kupakwa upya uwe mweusi, na mgongo ung'arishwe, kwa sababu watu wanamwambia amevaa saa iliyooza. Mzee Sefu akamwambia rangi imekwisha, inatoka Mwanza. Mwita akarudi. Akamwambia rangi imekuja lakini siyo yenyewe. Akarudi. Akamwambia mkono wake mwenyewe unamsumbua, unatetemeka, asije akaharibu. Mwita akasema kwa nini za watu wengine unatengeneza? Akamjibu, "Za watu wengine sizo za Marwa." Sasa Mwita anasema ataipeleka Musoma kwa fundi mwingine.

Maana ana haraka. Nikwambie ana haraka ya nini, na hapa ndipo penyewe.

Mwanawe mkubwa anaoa. Msichana ni wa upande wa Sirari. Baba wa msichana alikuja hapa kula, akaiona saa mkononi kwa Mwita, akaishika, akaigeuza, akasema kwa mzaha kwamba hiyo ingemtosha badala ya dume. Wakacheka wote. Lakini Mwita hakucheka mpaka mwisho. Ng'ombe wake wamekufa wengi mwaka huu, unajua, ule ugonjwa wa kwato na midomo. Mahindi yakishavunwa wanakwenda kutoa mahari, na saa ya jua inakwenda na wale ng'ombe. Na wewe unajua kuliko mimi. Kitu kikishaingia kwenye mahari ya watu, hakiombwi tena. Hata ukifa. Hata ukifufuka.

Mahindi yameshakauka, Marwa. Nayasikia yakisuguana huko shambani upepo ukipita.

Na mtoto atakuja baada ya hapo. Mkunga amemshika Gati tumbo, anasema bado.

Sasa nikwambie la wiki iliyopita, halafu nitakuachia.

Mwita alikuja jikoni kwangu asubuhi. Alikaa pale pale unapokaa wewe, hakujua. Akaninyooshea mkono. Akasema, "Mama, hii kitu imekufa. Marwa alikuwa anaifanyaje?" Nikaitazama. Ilikuwa imesimama. Kumbe siku zote hizo alikuwa anaitazama imesimama, halafu anachungulia simu kujua ni saa ngapi. Hakuna aliyemwambia kwamba inajazwa. Aliona aibu kuuliza nje, amekuja kumuuliza mama yake.

Aliivua. Akaniwekea kwenye kiganja.

Marwa, nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo mkononi. Boksi liko chini ya kitanda, Gati yuko kwenye chumba cha pili, mlango uko wazi. Nikaishika ile punje ya pembeni, nikazungusha. Polepole. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Nikazungusha mpaka ikakataa. Nikaiweka sikioni. Ikaanza kutembea. Ile sauti yake, kama panya mdogo anatafuna kitu mbali. Sikuwa nimeisikia tangu Mwanza. Nikafumba macho. Nilisema, akija, atakuja sasa hivi.

Nilipofumbua, Mwita alikuwa bado ameninyooshea mkono. Mkono mtupu, ameugeuza juu, kama alivyokuwa ananinyooshea vifungo vya shati la shule alipokuwa mdogo. Na macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mama, na mimi alikuwa mtoto wangu."

Nikamvalisha. Nikamfunga ule mkanda mimi mwenyewe, tundu kwa tundu, kwa sababu mkono wake mnene kuliko wako. Nikamwambia kila asubuhi aje nimjazie. Nikasema hivyo ili niwe naiona. Anakuja. Kila asubuhi naishika, naijaza, naitoa tena kwa mikono yangu. Nimekuwa mtu gani, Marwa? Watu wa hapa wananiogopa. Hata mwenyekiti wa mtaa nilimfukuza na mwiko. Lakini mtoto akikunyooshea mkono, ufanyeje? Niambie. Ufanyeje?

Robi ameniletea ushauri. Anasema, mama, sema umemwota. Sema Marwa amekuja akadai saa yake. Mwita ataitoa siku hiyo hiyo, anaogopa wafu kuliko polisi. Nani atakupima ndoto yako? Na Gati naye alinitazama. Usikatae, mke mwenzangu, andika, ulinitazama.

Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Ni jambo rahisi. Maneno machache tu. Lakini siwezi. Sijawahi kumsemea mtu aliyekufa kitu ambacho hakusema. Na kuna lingine. Nikisema umekuja wakati hujaja, siku ukija kweli utakuta nimeshaitumia nafasi yako. Utasimama mlangoni, nami nitakuwa na aibu ya kukutazama. Na mimi nimebakiwa na nini, Marwa, kama siyo kukutazama?

Kwa hiyo nakuandikia. Sina mwingine. Wazee hawanisikii, tembo hawanisikii, mahindi hayaningoji.

Boksi nitalilinda. Nikifa kabla, Gati anajua liko wapi. Na hiki nakuahidi, na mke mwenzako, yaani mke mwenzangu, yaani huyu Gati ni shahidi: saa ikirudi, mtoto huyu nitamweka kwenye mapaja yangu na nitamshika vidole, nitamfundisha kuzungusha mpaka ikatae, na ikikataa asiilazimishe. Akiwa mvulana ni Marwa. Akiwa msichana ataivaa vilevile, na atakayecheka atanikuta mimi. Nitamwambia rangi ile siyo kuungua, ni jua la kwenu. Nitamwambia baba yako alilifuata mpaka Ulaya akalirudisha, amesimama karibu na choo.

Pumzika, mume wangu. Uji wako bado naukoroga mwingi kwa mazoea, namwaga kwa kuku. Kuku wako wamenenepa.

Sasa sikiliza maagizo, usije ukafanya ya kwako.

Ukija, usije kwangu. Umenisikia vizuri. Gati, hapo liandike kubwa. Njia unayotoka hapo kaburini inapita mlangoni kwangu, wewe ipite. Usisimame, usipige hodi, usichungulie kama nimelala. Nenda kwa Mwita. Analala chumba cha kulia ukiingia. Sikio la kushoto halisikii vizuri, simama upande wa kulia. Usimtanie, ongea kama mtu mzima, na usimtishe kwa ghafla maana ana presha. Mwanzie na uji. Mwambie ule uji wa ulezi uliuona, ulijua ameufikisha. Halafu mwambie ya saa.

Na uje kabla hatujavuna.

Mimi usinihofie. Mbwa watakusikia watalia ile sauti yao ya kuzoea mtu, nitajua ni wewe unapita. Nitabaki nimelala. Sitakuita.